Tairi kuukuu mguuni, gunia mgongoni: nini kinafaa mgodini na nini hakifai

Mu Butembo na Beni, tairi iliyokufa inakuwa kiatu, gunia la kakao linakuwa sakoshi, kipande cha kikwembe kinakuwa kofia ya mtoto. Kazi hii inalisha nyumba nyingi za wachimbaji. Lakini kuna mabosi wa mashimo ambao wameanza kuitumia kama sababu ya kutotununulia vifaa vya kujikinga. Hapo njo tunataka kuongea.

Ndugu wachimbaji, bamama, vijana, sisi njo wa kwanza kuvaa vitu ambavyo wengine wametupa. Angalia mchimbaji anayetoka shimoni kule Manguredjipa. Mguuni ana kiatu cha tairi. Magotini amefunga vipande vya tairi ya moto, juu ya mu galeri mtu anatembeaka kwa magoti. Taa yake ya kichwa imeshikwa na utepe wa chambre à air ya baiskeli. Mgongoni ana gunia la mchele lililojaa mawe. Mvua ikinyesha, anachukua gunia lingine, anakata matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono, tayari ni koti.

Hakuna mtu aliyetufundisha hayo ku masomo. Mkubwa alimwonyesha mdogo, shida ikamalizia kazi. Na hatuoni haya. Mtu anayejua kugeuza takataka kuwa kitu cha kuvaa iko na akili ya ufundi, na ufundi ule unastahili bei.

Tairi inatoka wapi

Butembo ni mji wa biashara, kila mtu anajua. Mali inashuka melini Mombasa, inapita Nairobi na Kampala, inafika Kasese, inavuka mpaka pale Mpondwe na kuingia kwetu Kasindi, kisha inapanda Beni na Butembo. Ni safari ndefu, na barabara yetu haihurumii tairi. Ongeza bamotari wote wa mji, wanaopanda na kushuka vilima kutwa nzima, utaelewa kwa nini tairi za kutupa hazikosekani.

Viatu vya tairi si vya kwetu peke yetu. Wakenya wanaviita akala, Watanzania wanaviita katambuga, jirani zetu wa Uganda wanaviita lugabire. Kule Vietnam, askari walivivaa mu vita vya kupigana na Wafaransa, kisha na Wamarekani. Popote palipo na gari nyingi na makuta kidogo, kiatu hiki kinazaliwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi anaweka mguu wako juu ya tairi, anachora kwa chaki. Anakata kwa kisu kikali, na kila mara anachovya kisu mu maji ya sabuni, juu ya mpira mkavu unang'ang'ania kisu. Kamba za juu zinatoka mu mpira wa ndani au mu ubavu wa tairi, pale palipo laini. Anatoboa soli, anapitisha kamba, anapiga misumari midogo na kuikunja ncha. Kichwa cha msumari lazima kizame ndani ya mpira. Kikibaki juu, ndani ya siku mbili kitakuchoma.

Lakini si kila tairi inafaa. Zamani tairi nyingi za kamyo zilikuwa na nyuzi za nailoni ndani. Leo nyingi ziko na nyuzi za chuma. Ukikata tairi ya chuma, nyuzi zinabaki zimechomoza pembeni ya soli kama sindano. Mtu anajichoma kisigino, kidonda kinaingia maji machafu ya shimo, na kidonda kidogo kinakuwa wiki tatu bila kazi. Njo maana fundi mzuri anatafutaka tairi ya moto au tairi ya nailoni, na kabla ya kukuuzia anapitisha kidole pembeni yote ya soli. Na wewe unayenunua, fanya vile. Pitisha kidole. Ukisikia kitu kinakwaruza, rudisha.

Tena tusisahau chukudu. Wale vijana wanaoshusha viazi, makala na mbao kwa chukudu wanapigilia kipande cha mpira kuukuu pale wanapoweka goti, na magurudumu ya mti wanayavika utepe wa tairi ili yasipasuke. Wachimbaji wanaofunga mpira magotini wanatumia akili ileile. Goti halina nyama. Mtu anayepiga magoti juu ya mawe miaka kumi bila kitu, mguu wake unazeeka mbele ya mwili.

Mkono wa bamama

Upande wa kushona, kazi iko mikononi mwa bamama na wasichana. Eneo la Beni linalima kakao, Lubero inalima kahawa, na mali ile inatembea mu magunia ya juti. Gunia likichanika, halirudi tena mu biashara. Lakini mtu akilifua, akalikausha na kulishona na kipande cha kikwembe ndani, linakuwa sakoshi ya soko, kofia, hata viatu vya nyumbani.

Vipande vya vikwembe njo mali nyingine. Kila fundi wa nguo anabakizaka vipande chini ya mashini, vidogo vidogo, na jioni vinafagiliwa. Bamama wanaovikusanya wanatoa utepe wa nywele, mkufu wa kitambaa, hereni za kifungo kilichofunikwa, mfuko wa simu, bavette ya mtoto. Mwaka 2020, corona ilipoingia, vipande vilevile vilishonwa masque mu miji mingi ya Kongo.

Tunajua ni nani wanaoshona. Tangu 2014 mauaji ya Beni yamefukuza watu mu vijiji vyao, na wengi wamefika mjini na nguo moja tu mwilini. Kati yao kuna wajane wa wachimbaji. Shamba limebaki kule, shimo limefungwa, mume amekufa. Mashini moja ya kushona, hata ya kukanyaga kwa mguu, na gunia la vipande vilivyotupwa, vinaweza kuanzisha maisha bila mtaji mkubwa. Hiyo si hadithi ya musaada. Ni hesabu: mali ghafi karibu ya bule, kinachobaki ni kazi ya mikono.

Kwa hiyo kazi ya mikono njo inayopashwa kulipwa, na hapo bamama wengi wanapoteza. Wanahesabu uzi na sindano, wanasahau masaa. Mama anashona sakoshi siku nzima, anaiuza kwa bei ya uzi na chumvi, anasema amepata faida kwa sababu gunia aliliokota. Hapana, mama. Andika vitu vinne: mali uliyonunua, masaa uliyofanya, usafiri mpaka soko, na matengenezo ya mashini. Bei ikiwa chini ya hivyo vinne, unalipa mteja ili abebe sakoshi yako.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba takataka iliyoshonwa vizuri inaweza kwenda mbali. Kampala kuna mtengeneza mitindo anayeitwa Bobby Kolade. Kampuni yake, BUZIGAHILL, inachukua nguo za mitumba zilizotoka Ulaya na Marekani, inazikata, inazishona upya, kisha inaziuza kwa watu wa kulekule zilikotoka. Walitutumia zilizowachosha, wanazinunua tena kwa sababu kuna mkono wa fundi ndani. Si kila mama wa Butembo atauza Ulaya. Lakini funzo ni moja: bei inapanda pale kazi inapoonekana. Mshono ulionyooka, zipu inayofunga, bitana safi ndani, hivyo njo vinafanya mteja asiulize kama gunia lilikuwa la kakao.

Vitu ambavyo haviokotwi

Mtu yeyote wa Beni, Butembo, Katwa au Mangina anajua kwamba kuna nguo ambayo mtu haokoti. Tulifundishwa kwa uchungu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3.470, waliokufa 2.287. Wakati ule tuliona bote, gwanti na makoti ya plastiki ya waganga yakichomwa moto, na kuna watu waliosema ni hasara kuchoma kitu kizima. Haikuwa hasara. Takataka ya hospitali haigeuzwi kuwa nguo, jana hata leo.

Mu migodi na mu mashamba yetu kuna takataka nyingine za namna hiyo. Zinaonekana safi, ndiyo ubaya wake.

Gunia la dawa ya mimea. Mashamba ya kakao yanapuliziwa dawa za wadudu. Gunia au bidoni iliyobeba dawa ile haioshwi ikatoka. Sumu inakaa mu nyuzi, jasho linaiyeyusha, ngozi inainywa. Mbele ya kushona gunia, uliza lilibeba nini. Kama muuzaji hajui, liache.

Gunia la simenti. Vumbi la simenti likikutana na jasho linachoma ngozi kama chokaa. Mchimbaji anayejifunika gunia la simenti mvua inaponyesha, jioni anajikuna mabega na hajui ni nini.

Nguo ya zebaki. Hii njo kubwa kuliko zote. Yule anayechanganya zebaki na mchanga wa zahabu na kuchoma ili zahabu ibaki, moshi ule hauonekani vizuri lakini unatua mu nguo zake. Akirudi nyumbani nayo, analeta zebaki mpaka kitandani. Inaharibu ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017, unataja kuchoma zebaki mu makao ya watu kati ya mambo mabaya zaidi yanayopashwa kukomeshwa. Kwa hiyo nguo ya kazi ibaki ku kazi. Isifuliwe mu beseni moja na nguo za watoto. Na ikichakaa, isikatwe vipande vya kushonea bavette. Bamama wanaotwanga mawe na kuosha mchanga, ninyi pia mko mu hatari hii, sawa na wanaume.

Neno moja tena: mabaki ya tairi yasichomwe nyuma ya nyumba. Moshi wake mweusi una sumu, na wanaoupumua kwanza ni watoto wanaocheza pale.

Mahali ambapo takataka inaishia

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Kuna mabosi wa mashimo, wale tunaowaita PDG, ambao tukiwaomba bote wanatuangalia miguuni na kucheka. Wanasema: si muko na viatu vya tairi, munataka nini tena? Tumelisikia neno hilo mara nyingi, na si mu shimo moja.

Jibu letu ni hili. Kiatu cha tairi kinalinda nyayo. Kinazuia mwiba, jiwe lenye ncha na baridi ya tope. Juu ya vidole hakuna kitu. Bote ya kazi yenye chuma ku ncha inapimwa kwa pigo la joule 200, yaani kama uzito wa kilo 20 unaoanguka kutoka urefu wa mita moja. Jiwe la kilo 20 mu shimo letu ni jiwe dogo. Likianguka juu ya kiatu cha tairi, vidole vimekwisha. Bote ya kawaida ya mpira, ile ya shamba, inasaidia ku maji na matope, lakini nayo haizuii jiwe.

Kichwa vilevile. Kofia ya vikwembe inakinga jua na vumbi la nywele, basi. Kaske ya kazi inapimwa kwa chuma cha kilo 5 kinachoangushwa toka mita moja. Kuna vijana wanaovaa kaske ya moto mu shimo. Tunaelewa, wanatafuta kinga, lakini ile inayofunika masikio inawanyima kusikia. Mu shimo, sikio njo linakuambia kwamba mti umeanza kulia na dari inakuja.

Na mapafu. Hapa tuseme wazi, kwa sababu bamama wengi wanashona masque za kitambaa kwa moyo mwema ili waume zao wavae wakivunja mawe. Vumbi la quartz linaloua ni lile lisiloonekana kwa macho. Kitambaa, hata kikunjwe mara tatu, kinapitisha vumbi lile. Mtu anaona kitambaa kimekuwa chekundu kwa udongo, anafikiri kimemlinda. Kimeshika vumbi kubwa tu, lile dogo limefika mapafuni, na likiisha kufika halitoki. Ugonjwa huo unaitwa silikosi, hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia mlango kifua kikuu. Masque inayosaidia ni ile ya kichungi, kama FFP2, iliyokaa vizuri usoni na kubadilishwa inapochoka. Na hata mbele ya masque, maji: lowesha jiwe kabla ya kulivunja na kulitwanga, vumbi halitainuka sana.

Jambo la mwisho ni kamba. Mpira wa ndani unafunga taa, unafunga mzigo, unafunga goti. Usimfunge mtu anayeshuka shimoni. Unavutika, na pale ulipochubuka unakatika bila kukuonya. Mikanda ya gari za zamani ni mizuri kwa mishipi na sakoshi, lakini jua limeila miaka mingi. Usiikabidhi roho ya mtu.

Nani alipe?

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 176 wa mwaka 1995, juu ya usalama mu migodi, unasema kwamba pale hatari haiwezi kuondolewa kwa njia nyingine, mwajiri anapashwa kutoa vifaa na nguo za kujikinga bila kumlipisha mfanyakazi. Mabosi wanajibu: ninyi si wafanyakazi, ninyi ni wachimbaji wa mkono, kila mtu na bahati yake. Lakini jiwe likipanda wanachukua sehemu yao ya kwanza. Mtu anayechukua sehemu ya mavuno achukue na sehemu ya hatari.

Tena tangu Kode ya migodi ilipobadilishwa Machi 2018, mchimbaji wa mkono anapashwa kuwa mu kooperative. Kooperative si karatasi ya kuonyesha barabarani tu. Ni mfuko wetu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunaomba kila kooperative ya Lubero na Beni iyaweke mu mkutano wake.

Kwanza, ku kila mavuno, kabla ya kugawana, sehemu iliyokubaliwa itengwe kwa kaske, bote na masque za kichungi. Sehemu ya PDG iwemo. Hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, na SAEMAPE iione.

Pili, vitu ambavyo mikono yetu inatengeneza vizuri, kooperative ivinunue kwa bamama na mafundi wetu, kwa bei iliyoandikwa: kinga za magoti za tairi, mikoba ya kubebea mawe yenye mishipi mipana isiyokata mabega, viatu vya tairi vya kutembelea nje ya shimo. Makuta yale yabaki mu familia za wachimbaji. Mjane anayeshona mikoba ishirini yenye mteja wa hakika analala vizuri kuliko anayetembeza sakoshi moja moja sokoni.

Tatu, anayetengeneza ahusishwe na anayevaa. Mchimbaji amwambie fundi wapi mshipi unakata, wapi mpira unateleza. Fundi arekebishe. Kitu kinachotengenezwa hivyo kinakuwa bora kila mwezi.

Kule Kinshasa, tangu 2015, kuna wasanii wa tamasha la KinAct, lililoanzishwa na Eddy Ekete, wanaotembea barabarani wamevaa makopo, nyaya na plastiki mwili mzima. Wanavaa takataka kwa makusudi, ili kila mtu aone inchi inavyojaa vitu vya kutupwa. Wakimaliza wanavua, wanarudi nyumbani. Sisi tunaingia nayo chini ya ardhi, na jiwe haliulizi kama ni sanaa.

Kwa hiyo bamama, endeleeni kushona, na mupandishe bei. Vijana, endeleeni kukata tairi, mupitishe kidole pembeni. Na siku PDG atakapoangalia miguu yenu na kucheka, mwambieni kwamba kiatu cha tairi tulijitengenezea wenyewe, kimeshalipwa. Bote njo deni lake. Mikutano ya kooperative inakuja: fikeni wengi, muandike deni hilo mu kitabu cha mkutano, na musitoke mbele ya kuona tarehe ya kulilipa.